Salamu Kabla ya Bei: Uhusiano na Mauzo katika Mitandao ya Kijamii

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina mashiko katika soko ambamo mnunuzi huishika bidhaa na kuikagua kabla ya kutoa senti yake. Katika mitandao ya kijamii, hali ni tofauti. Mnunuzi aliye Kakamega akionyeshwa picha ya kiatu kilichoko Gikomba, Nairobi, hawezi kukijaribu mguuni. Tena aghalabu hutakiwa alipe kabla ya kukipokea. Kwa hivyo, kinachouzwa kwanza si kiatu bali uaminifu wa mwenye kukiuza. Makala haya yanaeleza namna uaminifu huo unavyojengwa kwa lugha hadi ukazaa mauzo.

Facebook ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2006, na Machi 2007 huduma ya M-Pesa ikaanza nchini Kenya. Mambo haya mawili yalimwezesha mtu asiye na duka kutafuta wateja na kupokea malipo kwa simu. Hata hivyo, vyombo pekee havitoshi. Wauzaji wawili wanaweza kuwa na bidhaa na bei sawa, mmoja akauza na mwingine akakosa.

Tofauti hiyo inaweza kuelezwa kiisimu. Mwaka wa 1923, mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alibainisha mazungumzo ambayo lengo lake kuu si kupashana habari bali kuunganisha watu. Salamu ni mfano mzuri: anayeulizwa "habari za nyumbani?" hatarajiwi kutoa ripoti kamili. Muuzaji anayejibu maswali, anayeshukuru na kujulia wateja hali hutumia lugha kwa dhima hiyo hiyo. Anayebandika picha na bei tu, kila siku, ni kama mgeni aingiaye nyumbani bila kubisha hodi.

Uhusiano huu hukua kwa hatua. Kwanza, muuzaji hutoa manufaa kabla ya kudai fedha. Muuza leso, kwa mfano, huweza kufafanua jina lililoandikwa kwenye leso na hafla inayolifaa. Pili, husikiliza. Maswali ya wateja kuhusu rangi na vipimo humfunulia bidhaa za kuleta. Tatu, wateja waliokwisha kupokea mizigo yao hutoa ushuhuda hadharani, na neno la mnunuzi huwa na uzito kuliko la muuzaji. Hatimaye huja wito wa kununua, ambao sharti uwe bayana: bei, njia ya malipo na siku ya kupokea. Wauzaji wengi huficha bei na kumtaka mteja aulize faraghani. Matokeo ni shaka kwamba kila mmoja hutajiwa bei yake.

Je, wateja wangapi wanatosha? Mwaka wa 2008, Mmarekani Kevin Kelly alitoa hoja kwamba msanii hahitaji mamilioni ya mashabiki. Mashabiki wa dhati 1,000, kila mmoja akimletea faida ya dola 100 kwa mwaka, humpa dola 100,000. Viwango vya Kenya ni vingine, lakini mantiki yake inamhusu mwandishi wa Kiswahili ambaye kazi yake haijateuliwa kutahiniwa shuleni. Wasomaji mia chache anaowajibu na kuwashirikisha wanaweza kugharamia chapa ya kwanza ya diwani yake.

Fauka ya hayo, uhusiano una masharti. Nambari ya simu iliyotolewa kwa ajili ya kupokea mzigo si ruhusa ya kumtumia mteja matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda taarifa kama hizo. Isitoshe, ukaribu wa kuigiza huporomoka mzigo wa kwanza unapofika ukiwa na kasoro na muuzaji akanyamaza.

Kwa muhtasari, mauzo mtandaoni ni tunda la mazungumzo. Wanafunzi wa Kiswahili, waliofunzwa rejesta, adabu za lugha na uchanganuzi wa usemi, tayari wana ujuzi ambao soko hili linauhitaji. Wanaweza kuutumia kuuza kazi zao wenyewe badala ya kuziacha makabatini.