Akaunti za walioondoka ni mlango wa hasara

MFANYABIASHARA makini hufunga hesabu zake kila mwisho wa mwaka. Huhesabu mali iliyomo ghalani, huwakumbusha wadeni wake na kufuta madeni yasiyolipika. Lakini ni wachache wanaofungua orodha ya akaunti za barua-pepe za kampuni na kuuliza ni nani kati ya hao bado yuko kazini. Karani aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita alirudisha ufunguo wa ofisi na kitambulisho, ila akaunti yake ingali wazi.

Uzembe wa aina hiyo una bei. Mwezi Mei 2021 wahalifu walivamia mtandao wa kompyuta wa kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, ambayo bomba lake husafirisha karibu asilimia 45 ya mafuta yanayotumika katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Waliingia kupitia akaunti ya zamani ya wafanyakazi walio nje ya ofisi. Akaunti hiyo haikuwa ikitumika tena, lakini hakuna aliyeifunga. Neno la siri peke yake lilitosha kuingilia.

Bomba lilisimamishwa tarehe 7 Mei, likafunguliwa tena tarehe 12. Kampuni iliwalipa wahalifu bitcoin 75, sawa na dola milioni 4.4 wakati huo. Serikali ya Marekani ilifanikiwa kurejesha bitcoin 63.7, lakini bei yake ilikuwa imeshuka, hivyo thamani yake ikawa dola milioni 2.3 tu. Wiki hiyo wastani wa bei ya petroli nchini humo ulivuka dola 3 kwa galoni kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2014.

Hata wauzaji wa programu wenyewe hawakusalimika. Mwishoni mwa Novemba 2023 wavamizi walijaribu maneno ya siri yaliyozoeleka katika akaunti za kampuni ya Microsoft, hadi akaunti moja ya zamani ya majaribio ikafunguka. Kutoka hapo walifikia barua-pepe za baadhi ya viongozi wa juu wa kampuni. Waligunduliwa tarehe 12 Januari 2024.

Kwa mfanyabiashara mdogo, tishio ni la karibu zaidi. Mwizi aliyeingia katika akaunti ya ofisa mauzo wa zamani husoma ankara kimya kimya, kisha humwandikia mteja kwamba namba ya akaunti ya benki imebadilika. Mteja hulipa, nawe hupati kitu. Nchini Marekani pekee, hasara iliyoripotiwa kutokana na utapeli wa barua-pepe za biashara ilifikia dola bilioni 2.9 mwaka 2023.

Aidha, huduma nyingi za barua-pepe hutozwa kwa kila akaunti kila mwezi. Anayewaacha walioondoka katika orodha anawalipia wasiokuwapo.

Usafi wenyewe hauhitaji fundi wa bei kubwa. Chukua orodha ya mishahara ya mwezi huu, ilinganishe na orodha ya akaunti, na utie alama kila jina lisilo na mshahara. Angalia pia ni lini kila akaunti ilitumika mara ya mwisho. Usizisahau zile zisizo na mwenyewe: za majaribio, za mafundi wa nje, na za idara ambazo neno lake la siri linajulikana na watu wengi.

Hata hivyo, kufunga si kufuta. Kwanza badili neno la siri, kata mawasiliano na simu au kompyuta ya aliyeondoka, na uelekeze barua mpya kwa anayeshika kazi yake. Kisha hifadhi nakala ya barua za zamani. Akaunti iliyofutwa katika Microsoft 365 huweza kurudishwa ndani ya siku 30, na katika Google Workspace ndani ya siku 20. Muda huo ukipita, hairudi tena. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miaka 5, na siku hizi mikataba na ankara nyingi zimo ndani ya barua hizo. Akaunti zinazobaki ziwekewe uthibitisho wa pili, kama vile namba inayotokea kwenye simu ya mtumiaji.

Nao wenye hisa wana la kufanya. Katika mkutano mkuu wa mwaka, baada ya kuuliza kuhusu gawio, waulize wakurugenzi swali moja zaidi: kampuni ina wafanyakazi wangapi, na ina akaunti ngapi zilizo wazi? Tofauti ya namba hizo mbili ikikosa maelezo, hiyo ni hasara inayosubiri siku yake.