Tumbo la Njiti Linapofika Mapafuni

Ukiingia nasari ya watoto njiti, jicho hukimbilia kifuani. Ngozi inabonyea kati ya mbavu kila mtoto anapovuta pumzi, na mrija wa oksijeni umebandikwa puani. Muuguzi mzoefu hufunua nguo akatazama na tumbo. Likiwa limefura na kung'aa, au akivuta yaliyomo tumboni kwa bomba la sindano kabla ya kulisha akapata majimaji ya kijani, au kinyesi kikiwa na damu, husimamisha maziwa na kumwita daktari papo hapo. Huenda utumbo umeanza kufa.

Hospitalini ugonjwa huo huitwa NEC, na huwapata zaidi waliozaliwa mapema mno. Ukuta wa utumbo wao haujakomaa. Bakteria hupenya, kinga ya mwili hujibu kwa ukali kupita kiasi, na sehemu ya utumbo huoza, wakati mwingine hata kutoboka. Mapafu nayo yana balaa lake. Vifuko vya hewa huanza kuumbika hasa karibu na wiki ya 36 ya mimba. Aliyezaliwa wiki ya 27 kwa kawaida huhitaji oksijeni, na mara nyingi mashine ya kupumulia, lakini hivyo hivyo vinavyomwokoa humjeruhi. William Northway na wenzake wa Stanford waliueleza ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na majeraha hayo mwaka 1967.

Madaktari waliona kwamba njiti waliopona NEC hubaki na mapafu mabovu kuliko wenzao. Baadhi ya sababu ziko wazi: mtoto hukaa kwenye mashine muda mrefu zaidi, na hukosa lishe wakati mapafu yanaihitaji ili yakue. Ipo nyingine iliyojificha. Mwaka 2016 kundi la David Hackam, daktari wa upasuaji wa watoto katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lilichapisha majaribio ya panya wachanga. Utumbo uliojeruhiwa huachilia kwenye damu protini iitwayo HMGB1. Ikifika mapafuni hugusa kipokezi kiitwacho TLR4, kilichozoea kutambua bakteria, nacho hupiga mbiu. Chembe za kinga hukusanyika na mapafu huvimba. Panya walioondolewa kipokezi hicho mapafuni, mapafu yao yalinusurika.

Kwangu mimi, hili linabadilisha maana ya maziwa ya mama. Tumezoea kuyahesabu kuwa chakula. Kwa njiti ni dawa pia: hupunguza hatari ya NEC yakilinganishwa na maziwa ya kopo, na utumbo ukilindwa, mapafu nayo hukingwa.

Sasa mfikirie mama anayetoka Salama, mji ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambaye mtoto wake amelazwa Wote katika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Makueni. Mwili wake ungali na maumivu ya uzazi, na anatakiwa kukamua maziwa kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, hata kama yanatoka matone tu. Akirudi nyumbani kwa kukosa pa kulala au nauli, maziwa hukauka. Kitanda chake na sahani yake ya chakula ni sehemu ya matibabu ya mapafu, na vipangiwe fedha pamoja na mitungi ya oksijeni. Akiwa karibu ataweza pia kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na hilo husaidia maziwa kutoka.

Kwa njiti wanaokosa kabisa maziwa ya mama zao, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa mwaka 2019, ya kwanza nchini Kenya. Maziwa ya mama wengine hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30 kuua vijidudu. Joto hilo huharibu baadhi ya kinga, kwa hiyo maziwa ya mama mwenyewe hubaki mbele. Kaunti zenye njiti wengi zinastahili huduma hiyo karibu.

Baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani, vifuko vyake vya hewa huendelea kuongezeka kwa miaka kadhaa. Mtoto huyu asilazwe jikoni penye moshi wa kuni, na chanjo zake zifuate umri tangu siku aliyozaliwa. Akianza kupumua kwa kasi au kubonyea kati ya mbavu, apelekwe hospitalini usiku huo huo.