Farasi mpole asikuponze: mchunguze kabla ya kulipa

NCHINI Marekani, hususan katika majimbo kama Texas, Oklahoma na Ohio, anayetaka farasi wa kupanda kwa starehe halazimiki kwenda mnadani. Wafugaji wadogo na wakufunzi walio jirani naye huuza wenyewe. Miongoni mwa wanaotafutwa ni farasi waliofunzwa kwa mashindano yaitwayo western pleasure.

Katika mashindano hayo farasi hapimwi kwa kasi wala kwa kuruka viunzi. Waamuzi hutazama anavyotembea, anavyokimbia polepole na anavyokwenda shoti ya taratibu, huku mpandaji akiwa amelegeza hatamu. Kwa maneno mengine, kinachonunuliwa ni utulivu.

Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa utulivu unaweza kughushiwa. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kumpa farasi dawa ya kumtuliza, au kumkimbiza hadi achoke kabla mteja hajafika. Dawa ikiisha nguvu, mtoto au mtu asiye na uzoefu anaweza kuangushwa na kuumia vibaya. Aidha, dawa ya maumivu aina ya fenilbutazoni huweza kuficha kwa muda kuchechemea kunakotokana na ubovu wa miguu.

Faida ya kununua kwa jirani ni kwamba mnunuzi anaweza kurudi. Aende zaidi ya mara moja, kwa nyakati tofauti. Aombe kumwona farasi akikamatwa malishoni, akitandikwa na kupandwa na muuzaji kwanza, ndipo naye apande.

Hatua inayofuata ni uchunguzi wa daktari wa mifugo. Mnunuzi amchague na kumlipa mwenyewe, wala asiwe yule anayemhudumia muuzaji. Daktari hukagua moyo, macho, meno, kwato na viungo, na huweza kuchukua damu ili kubaini dawa zilizofichwa. Vilevile, muuzaji aonyeshe majibu ya kipimo cha Coggins, kinachobaini ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu. Ugonjwa huo hauna tiba, na farasi aliyeupata hubaki nao maisha yake yote.

Nyaraka nazo zina uzito wake. Wengi wa farasi hawa ni wa aina ya Quarter Horse, ambao husajiliwa na chama cha AQHA kilichoanzishwa mwaka 1940. Mnunuzi ahakikishe kuwa maelezo ya hati ya usajili yanalingana na farasi aliye mbele yake, na kwamba muuzaji amesaini fomu ya kuhamisha umiliki.

Hati hiyo pia huonyesha ukoo. Wazao wa dume mashuhuri Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969, wanaweza kurithi maradhi ya HYPP, yanayosababisha misuli kutetemeka, kulegea na hata kifo. Kipimo cha vinasaba huyabaini. Wale waliozaliwa kuanzia mwaka 2007 wakiwa wameyarithi kwa wazazi wote wawili hawasajiliwi na AQHA.

Farasi huweza kuishi miaka 25 hadi 30, hivyo siku chache za uchunguzi si hasara. Muuzaji mkweli hakasirishwi na maswali. Anayekataa daktari na kuharakisha malipo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.