Kisu Hupunguza Unene, Lakini Mezani Je?

Katika nchi zetu hizi mtu mnene bado husifiwa. Huambiwa amenawiri, mambo yake yamemnyookea. Na mke aliyenenepa baada ya arusi huhesabiwa kuwa ni ushahidi kwamba mumewe anamtunza vyema. Akikonda, majirani huanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa usiotajwa. Kwa hiyo mtu wa kwetu anapofikia shauri la kupasuliwa ili apungue, huwa amekwisha kushindana na mengi kabla hata ya kumwona daktari. Tumeona inafaa kulizungumza jambo hili kinaganaga, maana si habari ya Ulaya na Marekani pekee tena. Jirani zetu wa Tanzania hutoa huduma hiyo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, na jijini Nairobi pia hutolewa.

Si kila mwenye kitambi apasuliwaye. Waganga huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwaka 1991 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema kwamba upasuaji wamfaa mtu ambaye hesabu yake imefika 40, au 35 ikiwa tayari ana maradhi yaletwayo na unene, kama vile kisukari au shinikizo la damu. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 hufika 40 akiwa na kilo 109 hivi. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hiyo vililegeza masharti: 35 yatosha peke yake, na mwenye kisukari aweza kufikiriwa hata akiwa na 30.

Njia ya kukipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya mfuko wake ilianzia Iowa, Marekani, mwaka 1966, mikononi mwa Dakta Edward Mason. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walikonda, wala hawakunenepa tena kwa urahisi. Leo njia mbili ndizo zitumikazo zaidi. Katika ya kwanza daktari hukata na kuondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, akaacha mrija mwembamba tu, kilichoondolewa hakirudishwi. Katika ya pili hutengwa kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuungwa nacho, hata chakula kikapita kando ya sehemu kubwa ya mfuko wa zamani.

Wengi hudhani siri iko katika udogo wa mfuko tu. Hiyo ni nusu ya habari. Mfuko wa chakula hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo huuambia ubongo kwamba njaa imefika. Sehemu iitoayo zaidi ikiondolewa, sauti hiyo hufifia. Utumbo nao hubadili homoni zake, na ndiyo sababu wagonjwa wengi wa kisukari huona sukari yao ikishuka katika siku chache tu, hata kabla mwili haujapungua. Kumwambia mtu mnene kwamba ni mvivu na mlafi, basi, ni kusema usilolijua. Mwili wake hupigania uzito ule kwa nguvu zisizoonekana.

Je, yafaa kuhatarisha maisha kwa ajili ya hayo? Ushahidi mzuri tulio nao watoka Sweden. Kuanzia mwaka 1987 madaktari wa huko waliwafuatilia watu 2,010 waliopasuliwa na wengine 2,037 waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba, baada ya miaka 10, wale walioungiwa utumbo kwa njia ya pili tuliyoitaja walikuwa wamepungua kwa wastani wa robo ya uzito wao. Wasiopasuliwa walibaki karibu pale pale walipokuwa. Vifo pia vilikuwa vichache miongoni mwa waliopasuliwa. Hata hivyo watano kati yao walifariki katika siku 90 za kwanza. Ni wachache, lakini wapo, na daktari asiyewataja watu wa namna hiyo kwa mgonjwa wake hamtendei haki.

Wasomaji wetu wapenzi wa kandanda watamkumbuka Diego Maradona. Mwaka 2004 alilazwa mahututi mjini Buenos Aires. Mwezi wa Machi 2005, akiwa na umri wa miaka 44, alipasuliwa mjini Cartagena, Colombia. Katika miezi michache dunia ilishangaa: yule aliyekuwa akihema kwa kuinuka kitini alikuwa akiendesha kipindi chake cha televisheni, mwembamba na mchangamfu, na mgeni wake wa kwanza alikuwa Pelé. Lakini mwaka 2007 alirudi hospitalini kwa sababu ya ulevi na ini, na uzito ukamrudia. Mwaka 2015 alipasuliwa mara ya pili, nchini Venezuela. Hatumtaji ili kumcheka. Mtu yule alikuwa na maradhi ya uraibu ambayo kisu cha tumbo hakiyafikii. Yafaa ijulikane pia kwamba baada ya upasuaji wa kuunga utumbo, pombe hupanda kichwani upesi zaidi kuliko zamani, na wapo wanaoanza ulevi ambao hawakuwa nao.

Ndipo tunapofika mezani. Majuma ya mwanzo mtu hunywa tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa. Kisha huja vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na baada ya miezi miwili hivi hurudia chakula cha kawaida, lakini kidogo mno. Samaki, mayai, maharagwe au nyama hutangulia. Ugali na matoke hufuata nafasi ikibaki. Hanywi huku akila. Walioungwa utumbo wakila vitu vitamu sana hutokwa na jasho, moyo ukawaenda mbio na tumbo likawasokota. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, pamoja na kupimwa damu, kwa sababu B12, chuma na chokaa hupungua mwilini. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Hapo ndipo tunapowahofia wale wanaokwenda kupasuliwa miji ya mbali na kurudi baada ya siku chache. Bei huwa wamekwisha kuilinganisha. Nani atakayewapima damu mwaka ujao, hawakuuliza. Na nyumbani je? Kwetu kukataa sahani ya mwenyeji ni kumtweza, na mama mkwe aliyepika tangu alfajiri hataridhika na vijiko vitatu. Afadhali wa nyumbani waambiwe mapema, na ikiwezekana mwenzi aende naye kwa daktari, kwani apikaye ndiye atakayebeba nusu ya kazi.

Kazi hiyo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Madaktari wengi humtaka mgonjwa aache sigara na, kwa majuma mawili hivi kabla ya upasuaji, ale chakula kichache kisicho na sukari wala mafuta mengi. Ini la mtu mnene aghalabu huwa limejaa mafuta, nalo hulalia juu ya mfuko wa chakula. Likinywea kidogo, daktari hupata nafasi ya kupitisha vyombo vyake.