Kinga ya Utumbo: Chembe Zinazosafiri na Kurudi (2)

Juma lililopita tuliona chakula kinavyosagwa tumboni. Leo tutazame ukuta unaokifyonza.

Mkoa wetu wa Rukwa hulisha mikoa mingine kwa mahindi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mama wa huku Kate, mkoani humu, ambaye mwanawe anashiba ugali lakini harefuki ana haki ya kuuliza chakula hicho kinaishia wapi.

Utando wa ndani wa ukuta wa utumbo mwembamba una tabaka moja tu la chembe. Upande huu vijidudu, upande ule damu. Ndiyo maana askari wengi wa kinga ya mwili wamewekwa hapo, nao hawakai kitako. Askari mmoja, chembe ya limfu, hukutana na kijidudu kwenye mabaka ya Peyer yaliyo ukutani humo, ambayo tabibu Mswisi Johann Conrad Peyer aliyaeleza mwaka 1677. Hapo huondoka kwa mishipa ya limfu, hupita kwenye tezi, huingia damuni karibu na moyo, kisha hurudi utumboni kulekule.

Imeijuaje njia? Imeota kishikio kinachonasa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mwaka 2004 Makoto Iwata na wenzake walionyesha kwamba kinachokiotesha ni asidi itokanayo na vitamini A. Ikipungua, askari huzurura damuni na lindo hubaki na wachache. Na mahindi meupe, fahari yetu Wafipa, hayana vitamini hiyo.

Askari hao wakizidi, nako ni balaa. Mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi kila siku, hata bila kuhara, ukuta wake hujaa chembe za kinga, vinyweleo vya kufyonzea hufupika na lishe hupita bure. Huko Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliofuatilia watoto tangu kuzaliwa waliona maambukizi ya kimyakimya yakiendana na kimo kifupi.

Basi choo na maji safi ni lishe pia. Mboga za majani ziungwe kwa karanga au mafuta ya alizeti, kwa kuwa vitamini A hufyonzwa pamoja na mafuta. Na mtoto wa miezi 6 hadi 59 apelekwe zahanati mara mbili kwa mwaka apate matone ya vitamini hiyo.