Jani Moja, Sheria Mbili

Mirungi ikichumwa asubuhi katika vilima vya Nyambene, kule Meru, inatakiwa imfikie mlaji ndani ya siku mbili hivi. Ikinyauka, kathinoni, kemikali inayomfanya mlaji akeshe, hupungua nguvu. Ndiyo maana vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba na magari yanayovibeba hukimbizwa usiku na mchana.

Nchini Kenya mzigo huo ni biashara halali. Tangu 2016 sheria inaitambua miraa, kama mirungi inavyoitwa huko, kuwa zao la biashara. Ukivuka nao mpaka wa Namanga au Holili kuingia Tanzania, umebeba dawa za kulevya. Sheria ya Tanzania ya 2015 ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaweka mirungi kapu moja na bangi: kulima, kusafirisha, kuuza, vyote ni kosa, na kifungo chake kinaweza kuwa cha miaka mingi. Uganda nayo imepiga marufuku mairungi, kama jani hili linavyoitwa kule, tena mara mbili, kwa kuwa mahakama iliifuta sheria ya kwanza Mei 2023 kwa kasoro ya akidi bungeni.

Anayenaswa mara nyingi ni kijana wa bodaboda aliyeahidiwa ujira wa safari moja. Mwenye mzigo hayupo barabarani. Huko Same, Kilimanjaro, maofisa wamepanda milimani kung'oa mashamba ya mirungi. Kung'oa ni kazi ya siku moja. Kahawa inayopandwa badala yake huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa. Katikati hapo watoto wanakula nini, na karo inatoka wapi?

Lakini uhalali nao una machungu yake. Nenda Mombasa jioni. Kijana ananunua mfuko wa muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, anachambua majani machanga, anayasukuma shavuni pamoja na jojo na karanga, na hapo hapati usingizi mpaka alfajiri. Chakula hakipiti kooni, kazi ya kesho imeshaharibika. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais akasema marufuku hizo hazina nguvu mbele ya sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Wakulima wa Embu walishangilia. Kina mama wa Pwani waliobaki na vijana wao sebuleni hawakupata jibu.

Sikubaliani na anayesema jani hili halina madhara, wala na anayetaka mchukuzi wa vibunda viwili ahukumiwe sawa na tajiri wa heroini. Wabunge wa Afrika Mashariki wanaokutana Arusha waliweke suala hili mezani: umri wa mnunuzi, umbali kati ya kibanda cha kuuzia na shule, adhabu ya mchukuzi mdogo, na zao mbadala lenye soko kabla panga halijafika shambani.