Injini ijizimayo foleni ya Likoni: Ni nafuu au ni mzigo kwa dereva wa Mombasa?

MADEREVA wa Kisiwa cha Mombasa wamegawanyika kuhusu mfumo unaozima injini gari linaposimama na kuiwasha tena dereva anapotaka kuondoka.

Wapo wanaousifu kwa kuwapunguzia gharama ya mafuta katika foleni ya feri ya Likoni. Wapo pia ambao, kila waingiapo garini, hubonyeza kitufe cha kuufunga hata kabla ya kujifunga mkanda.

Suala hili linazidi kuwahusu wengi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo, mwaka 2025 yaliyokubaliwa kushushwa bandarini Kilindini ni yale yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Magari mengi madogo ya Japani ya miaka hiyo, yakiwemo Mazda Demio na Nissan Note, yana mfumo huu.

Tatizo ni kwamba mara nyingi gari huja na kitabu cha maelezo cha Kijapani, au bila kitabu chochote. Mnunuzi hugundua jambo hili kwa mshtuko, injini inaponyamaza ghafla mbele ya taa za barabarani, akadhani gari limemharibikia.

Mfumo wenyewe si mgeni. Kampuni ya Toyota iliujaribu katika miaka ya 1970, nazo Volkswagen na Fiat zikatoa magari yenye mfumo wa aina hiyo katika miaka ya 1980. Ulienea hasa baada ya 2009, serikali za Ulaya na Japani zilipowabana watengenezaji wapunguze moshi na matumizi ya mafuta.

Utendaji wake ni rahisi kueleza. Dereva anapokanyaga breki na gari kusimama kabisa, kompyuta hukagua mambo kadhaa: je, betri ina nguvu ya kutosha? Injini imepata joto lake? Mlango umefungwa na mkanda umefungwa? Yote yakiwa sawa, injini huzimwa. Mguu ukiondolewa kwenye breki, stata huiwasha tena kwa muda usiozidi sekunde moja hivi. Katika gari la gia za mkono, klachi ndiyo hutoa amri hiyo.

Wanaoutetea husema kwamba injini inayonguruma gari likiwa limesimama hula mafuta bila kusogeza abiria hata hatua moja. Hoja hiyo ina msingi. Injini ndogo ya petroli huteketeza takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa ikiwa imesimama. Watafiti wa maabara ya Argonne nchini Marekani walibaini kwamba kuunguruma kwa zaidi ya sekunde 10 hula mafuta mengi kuliko kuzima na kuwasha upya.

Tuchukue mfano. Dereva anayesimama foleni kwa jumla ya dakika 40 kwa siku, kwa siku 25 za mwezi, huweza kupoteza lita 10 hivi. Lita moja ikiwa sh180, hizo ni sh1,800 kwa mwezi. Si fedha za kupuuzwa, hasa kwa wenye teksi, ambao hawajasahau Septemba 2023, petroli ilipovuka sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza nchini.

Hata hivyo, hesabu hiyo huharibiwa na joto la Pwani. Katika magari mengi ya petroli, kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, feni hubaki ikipuliza hewa inayozidi kupata joto. Mfumo huhisi hivyo na kuwasha injini baada ya muda mfupi, au hukataa kuizima tangu mwanzo. Kwa dereva aliyekwama adhuhuri ya mwezi wa Machi huku amefunga vioo, nafuu ya mafuta yaweza kupungua hadi nusu au chini ya hapo.

Lalamiko la pili ni betri. Gari la aina hii huwashwa mara nyingi mno kwa siku, na hutengenezewa betri maalumu inayostahimili kutoa na kupokea umeme mara kwa mara. Zile za Japani hutambulika kwa alama kama M-42 au Q-85. Bei yake ni kubwa kuliko ya betri ya kawaida, na joto, ambalo Mombasa halikosekani, hufupisha maisha ya betri ya aina yoyote.

Mwenye gari akishawishika kutia betri ya kawaida ili aokoe fedha, mara nyingi hulazimika kununua nyingine mapema. Isitoshe, baadhi ya magari huhitaji fundi aijulishe kompyuta kwamba betri imebadilishwa, la sivyo mfumo haufanyi kazi ipasavyo.

Ama hofu kwamba stata itakufa upesi, haina nguvu sana. Watengenezaji huweka stata iliyoimarishwa, iliyokusudiwa kuwasha injini mara nyingi zaidi kuliko ya kawaida.

Mji wa Kale una hali yake. Katika vichochoro vya Ndia Kuu, gari husogea hatua chache, likasimama kumpisha mwenye mkokoteni, likasogea tena, likakutana na tuktuk. Visimamo vya sekunde mbili au tatu havina faida yoyote ya mafuta, na dereva anayefunga mfumo huu humo hana kosa.

Lakini anayesimama hapo kwa dakika kadhaa akipakia mizigo, au akingoja wageni wa Fort Jesus, afadhali azime injini kabisa. Nyumba za huko zimeshikana na njia ni nyembamba. Moshi hauna pa kwenda ila madirishani mwa watu, walimo watoto, wazee na wagonjwa wa pumu.

Jambo zito kuliko yote ni usalama. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Gari lililonyamaza kwa mfumo huu halijazimwa, linangoja amri. Dereva akisahau hivyo, akashuka huku gia ikiwa bado kwenye D, gari laweza kusogea.

Wakazi wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa hatari ya gari kusogea mahali pasipofaa. Mnamo Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee na kutumbukia katika kivuko cha Likoni, mama na bintiye wakafariki. Ajali hiyo hatuitaji kama kosa la mfumo huu, bali kwa sababu inaonyesha jinsi nafasi ya kusahihisha kosa ilivyo ndogo mahali pale.

Kwa sababu hiyo, ni busara kuufunga mfumo kabla ya kuteremka kuelekea feri. Ndani ya chombo, tia gia ya P, vuta breki ya mkono, kisha zima gari kabisa kwa ufunguo au kitufe chake.

Vilevile, mfumo huu usichanganywe na tabia ya baadhi ya madereva ya kuzima injini mteremkoni ili kubana mafuta. Injini ikizimwa gari likiwa mwendoni, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Huko si kubana mafuta bali kuchezea roho za abiria.

Malalamiko haya si ya Mombasa pekee. Mnamo Mei 2025, Lee Zeldin, mkuu wa shirika la mazingira la Marekani, alitangaza kwamba angechukua hatua kuhusu mfumo huo akisema watu wanauchukia. Nayo Toyota iliuacha katika Yaris ya petroli iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2020.

Kwa mwenye gari, uamuzi bora hautokani na mapenzi wala chuki. Anayeshinda katika foleni ndefu anaweza kuuacha ufanye kazi, mradi atie betri inayofaa. Anayezungukia mitaa ya Mji wa Kale aubonyeze kitufe chenye herufi A iliyozungushiwa mshale, nao utatulia hadi atakapowasha gari tena.

Na iwapo mfumo umeacha kufanya kazi wenyewe kwa siku kadhaa, usifurahie. Huenda betri imeanza kuchoka. Ipime kabla haijakuacha katikati ya Daraja la Nyali saa ya kurudi nyumbani.